Umeombwa kushiriki utafiti wa macho hospitalini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wagonjwa wa macho na ndugu wanaowasindikiza kliniki. Maswali ni yale yanayorudi kila siku ya kliniki, mengi yakiulizwa kwa sauti ya chini baada ya mtafiti kuondoka. Pale sheria au ofisi inapotajwa, ni ya Tanzania Bara, isipokuwa tumesema vingine.

## Mambo ya msingi

1. Utafiti wa kitabibu una tofauti gani na matibabu ya kawaida?

Katika matibabu ya kawaida daktari anakuangalia wewe peke yako na kukuchagulia tiba anayoona inakufaa. Katika utafiti kuna swali ambalo jibu lake bado halijulikani, kwa mfano: matone au leza, kipi kinashusha vizuri zaidi presha ya jicho? Matibabu yako yanafuata mpango ulioandikwa kabla ya mshiriki wa kwanza kuingia. Mpango huo huitwa itifaki. Ndani yake imeelezwa nani anaingia na nani haingii, dozi ni ipi, na kipimo gani kinafanyika siku gani.

Si kila utafiti unatoa dawa. Zipo tafiti za kuangalia tu: unapimwa, unapigwa picha ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), unaulizwa maswali, unarudi baada ya miezi sita. Kwa hiyo swali lako la kwanza liwe, "Huu ni utafiti wa kuangalia au wa kutibu?" Jibu lake hubadilisha karibu kila kitu kinachofuata hapa chini.

2. Dawa zimeshajaribiwa Ulaya. Kwa nini tujaribiwe tena sisi?

Kwa sababu dawa inayofanya kazi kwa mgonjwa aliye karibu na duka la dawa na mwenye bima inaweza kushindwa kwa mgonjwa anayesafiri nusu siku kufika hospitali. Mfano mzuri ni glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Matone ya timolol asilimia 0.5 yametumika miaka mingi. Lakini ni ya kila siku, maisha yote, na glakoma haiumi, hivyo mtu akiyaacha hahisi tofauti yoyote mpaka uoni uwe umekwenda, na uoni huo haurudi.

Katika hospitali ya KCMC, Moshi, watafiti walilinganisha timolol na leza inayosaidia maji ya ndani ya jicho kutoka vizuri. Washiriki 201, wenye macho 382, waliandikishwa kati ya 2015 na 2017, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja tiba ilifanikiwa kwa macho 99 kati ya 163 ya kundi la leza, yaani asilimia 61, na kwa macho 55 kati ya 176 ya kundi la matone, asilimia 31. Jibu la namna hiyo, kwa wagonjwa wa Kilimanjaro na maisha yao yalivyo, lilibidi litafutwe Kilimanjaro.

Mfano mwingine ni saratani ya utando mweupe wa jicho, ambayo huku kwetu inahusiana sana na virusi vya UKIMWI na jua kali. Ikikatwa mara nyingi huota tena. Nchini Kenya washiriki 98 waliofanyiwa upasuaji walipangwa kutumia matone ya fluorouracil (dawa ya saratani) asilimia 1 au matone yasiyo na dawa, mara nne kwa siku kwa wiki nne. Katika mwaka mmoja uvimbe ulirudi kwa watu 5 kati ya 47 waliotumia dawa na 17 kati ya 47 wa kundi la pili. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016. Ulaya ugonjwa huu ni wa nadra. Nani mwingine angelijibu swali hilo kwa ajili yetu?

3. Kwa hiyo mnataka kunifanyia majaribio?

Ukiingia utafiti wa kutibu, ndiyo, sehemu ya matibabu yako itaamuliwa na itifaki, na unastahili kuambiwa hivyo waziwazi. Mtu akikuambia "haya si majaribio, ni matibabu mapya ya bure", usitie saini siku hiyo.

Kinachokulinda ni mambo kadhaa kwa pamoja. Madaktari wawe kweli hawajui ni tiba ipi kati ya zinazolinganishwa iliyo bora. Kama wanajua, kumpa mtu iliyo duni ni kumdhulumu. Kamati ya maadili iwe imepitia mpango (swali la 4). Wewe uwe umeelewa na kukubali kwa hiari, na uweze kutoka wakati wowote (swali la 8).

4. Nani anaruhusu utafiti, na nitajuaje kwamba una kibali?

Kwanza kamati ya maadili ya hospitali au chuo, kisha kamati ya taifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Utafiti unaojaribu dawa au kifaa tiba unahitaji pia kibali cha TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Lenzi bandia inayowekwa ndani ya jicho ni kifaa tiba. Zanzibar ina taasisi na kamati yake. Kenya, mtafiti anahitaji kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kwa dawa, idhini ya Pharmacy and Poisons Board, bodi ya dawa ya nchi hiyo.

Omba kuona namba ya kibali na tarehe yake. Kibali cha NIMR ni cha mwaka mmoja, kisha huombewa upya, kwa hiyo karatasi ya miaka mitatu iliyopita peke yake haitoshi. Majaribio ya tiba huandikishwa pia kwenye rejesta ya wazi, kama vile rejesta ya Afrika nzima ya PACTR, ambako yeyote mwenye simu anaweza kuyatafuta kwa namba.

## Ridhaa

5. Fomu ya ridhaa ni ndefu. Niangalie nini hasa?

Tafuta kwanza sehemu inayotenganisha kile ambacho ungefanyiwa hata bila utafiti na kile kinachoongezwa kwa sababu ya utafiti. Hapo ndipo penye uzito, na hapo ndipo fomu nyingi zina lugha ya mzunguko. Ukikuta hujaelewa, uliza: "Nisiposhiriki, leo ningefanyiwa nini?" Kisha uliza utarudi mara ngapi, na kwa muda gani. Utafiti wa miaka miwili wenye kliniki kila baada ya miezi mitatu ni safari nane, pamoja na mtu wa kukusindikiza.

Angalia pia nani analipa ukidhurika (swali la 23), nini kitafanywa na picha na sampuli zako (swali la 24), na kama zipo namba mbili za simu: ya mtafiti, na ya katibu wa kamati ya maadili, ambaye si mwajiriwa wa mtafiti. Chini ya kila ukurasa pawe na namba ya toleo na tarehe. Nakala iliyotiwa saini na pande zote mbili ni mali yako, nenda nayo nyumbani.

Hulazimiki kuamua hapo hapo, isipokuwa kwa dharura. Mtafiti makini atakuomba urudie kwa maneno yako ulichoelewa. Si mtihani. Anapima kama yeye ameeleza vizuri.

6. Sijui kusoma, au macho hayaoni maandishi. Nitakubalije?

Fomu isomwe yote kwa sauti, kwa lugha unayoielewa, mbele ya shahidi ambaye hafanyi kazi kwenye utafiti huo. Unaweka alama ya dole gumba, shahidi anatia saini kwamba ulichosomewa ndicho kilichoandikwa. Ndugu yako anaweza kuwa shahidi.

Jambo moja husahaulika mno kliniki za macho: ridhaa ichukuliwe kabla ya kuwekewa matone ya kupanua mboni. Baada ya matone hayo maandishi ya karibu huwa na ukungu kwa saa kadhaa, hata kwa msomi. Ukiletewa fomu ukiwa umeshawekewa, omba uichukue nyumbani.

7. Mtoto wangu ameombwa kushiriki. Anayeamua ni nani?

Mzazi au mlezi ndiye anayetia saini kwa aliye chini ya miaka 18. Mtoto mwenye kuelewa, kwa kawaida kuanzia miaka 7, naye huelezwa kwa kiwango chake na kuulizwa kama anakubali. Akikataa, asilazimishwe.

Usikubali matibabu ya mtoto yasubiri utafiti. Mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho ana miezi michache tu kabla ubongo wake haujashindwa kujifunza kuona. Na mboni inayong'aa nyeupe kwenye picha au gizani inaweza kuwa saratani ya retina: mpeleke hospitali ya rufaa wiki hiyo hiyo, utafiti uwepo au usiwepo.

8. Nikikataa, au nikiingia kisha nikataka kutoka, daktari atanichukia?

Matibabu yako ya kawaida yanaendelea vilevile, na huna wajibu wa kueleza sababu. Ukitoka, sema kimoja kati ya mambo mawili: unaacha dawa ya utafiti lakini utaendelea kurudi kupimwa, au unaacha vyote. La kwanza linausaidia utafiti sana. Taarifa zilizokusanywa kabla hujatoka kwa kawaida hubaki.

Kuna tahadhari moja. Usiache matone ya glakoma au ya baada ya upasuaji ghafla kwa sababu tu umetoka kwenye utafiti. Pitia kliniki kwanza upewe mbadala.

9. Mume wangu, au mwanangu anayenitunza, anaweza kuamua kwa niaba yangu?

Anaweza kukushauri. Mtu mzima mwenye akili timamu huamua mwenyewe, hata kama haoni kabisa na hata kama nauli inatoka kwa mwanawe. Upofu hauondoi uwezo wa kuamua.

## Makundi

10. Kwa nini sichagui tiba ninayoitaka?

Wagonjwa wakichagua, au madaktari wakiwachagulia, wenye hali mbaya zaidi hujikuta upande mmoja. Mwisho hujui kama tofauti imeletwa na tiba au na wagonjwa wenyewe. Kupangwa kwa bahati nasibu, kwa kompyuta au bahasha zilizofungwa zenye namba, huzifanya pande zote zifanane mwanzoni. Ndiyo maana muuguzi hawezi kukusaidia upate kundi fulani, na akijaribu anaharibu kazi ya kila mshiriki.

Kipya si lazima kiwe bora. Kusini mwa Tanzania washiriki zaidi ya 1,900 wenye kope zilizopinda kwa trakoma (ugonjwa wa macho wa kuambukiza) walifanyiwa upasuaji, wengine kwa kibanio kipya kilichotarajiwa kupunguza kope kurudi ndani, wengine kwa vifaa vya kawaida. Kibanio hakikuonyesha faida iliyotarajiwa. Nchini Ethiopia, kwa upande mwingine, washiriki 1,000 walilinganishwa kwa mitindo miwili ya upasuaji huo huo: baada ya mwaka kope zilikuwa zimerudi kwa asilimia 13 ya waliokatwa upande wa ndani wa kope tu, na asilimia 22 ya waliokatwa kope nzima. Bila bahati nasibu, majibu yote mawili yangebaki kuwa maoni ya wapasuaji.

11. Nikipewa matone yasiyo na dawa, jicho halitaharibika?

Matone yasiyo na dawa yanaruhusiwa pale tu ambapo hakuna tiba inayojulikana kufanya kazi kwa hatua hiyo, au pale yanapoongezwa juu ya tiba ya kawaida. Katika utafiti wa Kenya uliotajwa kwenye swali la 2, kila mshiriki alikatwa uvimbe kwanza. Matone yalikuwa nyongeza. Kumpa mwenye glakoma maji matupu kwa mwaka mzima kungekuwa kosa, na kamati ya maadili haipaswi kulipitisha.

12. Mpimaji amenikataza nisimwambie niko kundi gani. Anaficha nini?

Hafichi kitu; anayefichwa ni yeye mwenyewe. Mpasuaji hawezi kufichwa alichofanya, lakini anayekupima uoni anaweza. Akijua umepata tiba mpya, bila kukusudia atakuvumilia sekunde chache zaidi kwenye mstari mgumu. Kwa hiyo malalamiko kuhusu dawa mweleze daktari au mratibu, si mpimaji.

Ikitokea dharura na daktari anahitaji kujua ulichopewa, utaratibu wa kufungua siri upo saa 24. Namba yake iwe kwenye kadi yako ya utafiti.

13. Nina macho mawili mabovu. Linaingia lipi?

Inategemea itifaki. Baadhi ya tafiti huchukua jicho moja, mara nyingi lenye hali mbaya zaidi. Nyingine huchukua yote mawili na kumpanga mtu, si jicho, ndiyo maana Moshi kulikuwa na watu 201 lakini macho 382. Macho mawili ya mtu mmoja hufanana, kwa hiyo wataalamu wa takwimu hawayahesabu kama watu wawili. Uliza jicho lisilo kwenye utafiti litatibiwa lini. Wapo walioliacha jicho la pili wakidhani nalo linahudumiwa.

## Siku ya kupimwa

14. Kliniki ya utafiti inachukua muda gani, na nijiandaeje?

Tenga nusu siku. Kunywa chai na dawa zako za kila siku kama kawaida, hata kama una kisukari, isipokuwa umeambiwa vingine. Beba miwani yako yote, chupa zote za matone hata zilizoisha, na kadi ya utafiti. Njoo na msindikizaji.

Uoni hupimwa kwanza, jicho moja moja. Presha ya jicho hupimwa baada ya tone la ganzi na rangi ya manjano. Kawaida ni kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki, nayo haina uhusiano na presha ya damu inayopimwa mkononi. Mwisho huwekwa matone ya kupanua mboni. Hayo huchukua dakika 20 hadi 30 kufanya kazi, na ukungu hukaa saa nne hadi sita, kwa hiyo usiendeshe gari wala bodaboda siku hiyo. Presha ikipimwa asubuhi safari ya kwanza, ipimwe asubuhi na safari zijazo, maana hupanda na kushuka kwa saa za siku.

15. Kwa nini nalazimishwa kutaja herufi nisizoziona?

Chati ya utafiti ina herufi tano kila mstari na kila herufi ina alama yake. Mtu mwoga huacha mstari mapema, jasiri hubahatisha. Wote wakilazimishwa kubahatisha mpaka washindwe, wanapimwa kwa kipimo kimoja. Asiyesoma hutumia chati ya herufi E, akionyesha kwa mkono miguu yake imeelekea wapi.

Usikunje jicho, usichungulie kati ya vidole, na usikariri chati. Ukiikariri, matokeo yataonyesha umepona wakati hujapona, na daktari atakupa miadi ya mbali badala ya tiba.

## Upasuaji

16. Tafiti za mtoto wa jicho hulinganisha nini, wakati upasuaji wenyewe unajulikana?

Hulinganisha njia ya kukata, aina ya lenzi, ganzi, au dawa ya kuzuia maambukizi. Njia kuu ni mbili. Moja hutumia mashine inayosaga lenzi kupitia tundu la milimita 2 hadi 3. Nyingine hutoa lenzi nzima kupitia njia ya milimita 6 hadi 7 inayojifunga yenyewe, mara nyingi bila nyuzi, na haihitaji mashine ya gharama. Utafiti wa Nepal wa mwaka 2007 kwa wagonjwa 108 ulikuta asilimia 98 ya kila kundi wakiona 6/18 au zaidi kwa miwani baada ya miezi sita (6/18 ni kuona kwa mita 6 kile ambacho mwenye macho mazuri hukiona kwa mita 18), huku njia isiyo na mashine ikichukua dakika 9 kwa wastani na ya mashine dakika 15 na nusu. Kwa hiyo ukipangwa kwenye njia isiyo na mashine, hujapewa ya kimaskini.

17. Kwa nini mnahitaji maelfu ya watu kwa swali dogo?

Kwa sababu madhara mabaya zaidi ni ya nadra. Maambukizi ndani ya jicho baada ya upasuaji humpata mtu mmoja au wachache kati ya elfu. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa 2007 ulihitaji wagonjwa zaidi ya 16,000 kuonyesha kwamba miligramu 1 ya antibayotiki iitwayo cefuroxime, ikiwekwa ndani ya jicho mwisho wa upasuaji, hupunguza hatari hiyo karibu mara tano. Kwa wagonjwa 200 usingeona chochote.

18. Nani atanipasua? Asiwe mwanafunzi.

Una haki ya kuuliza, na jibu liandikwe kwenye fomu. Utafiti wa upasuaji ulioandaliwa vizuri huweka idadi ya chini ya upasuaji ambao mpasuaji awe ameshafanya. Katika hospitali za kufundishia daktari aliye masomoni anaweza kufanya sehemu ya kazi akisimamiwa na bingwa. Ukitaka bingwa peke yake, sema kabla ya siku ya upasuaji, si ukiwa umeshachomwa ganzi.

19. Nimepasuliwa vizuri lakini bado sioni vizuri. Kwa nini?

Sababu ya kawaida kuliko zote ni kuhitaji miwani. Lenzi bandia huchaguliwa kwa kupima mkunjo wa konea (kioo cha mbele ya jicho) na urefu wa jicho, na kosa la milimita 1 tu kwenye urefu huleta kosa la dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 2.5 hadi 3. Chombo cha kupimia kikikandamiza konea, jicho linasomeka fupi kuliko lilivyo na lenzi inakuwa kali mno. Miwani hupimwa jicho likishatulia, wiki ya 4 hadi ya 8, kwa hiyo usinunue ya mtaani wiki ya kwanza.

Sababu nyingine ni ugonjwa uliokuwa umefichwa nyuma ya mtoto wa jicho: glakoma, kisukari kilichoathiri retina, au kovu la konea. Mpasuaji mzuri hukuonya kabla. Uoni ukiwa mzuri kisha ukafifia polepole baada ya miezi au miaka, mara nyingi ni utando uliokua nyuma ya lenzi, na leza huufungua kwa dakika chache.

20. Dalili gani zinanirudisha hospitali bila kusubiri miadi?

Maumivu yanayoongezeka, wekundu unaozidi, uoni unaoshuka, au usaha mweupe ndani ya jicho mbele ya mboni. Maambukizi ya ndani huonekana zaidi kati ya siku ya 2 na ya 7. Hapa saa zina maana: tiba ni antibayotiki inayochomwa ndani ya jicho, na kesho yake inaweza kuwa imechelewa. Usipige simu kuomba ushauri ukabaki nyumbani. Njoo, hata usiku, hata Jumapili, na useme getini kwamba ulipasuliwa jicho wiki hii.

Madai ya nauli yatashughulikiwa baadaye (swali la 22).

## Matone na kurudi kliniki

21. Nimeruka matone siku kadhaa. Niseme ukweli?

Sema. Mshiriki anayeficha huufanya utafiti useme dawa haifanyi kazi wakati hakuna aliyeitumia. Itifaki nzuri ina mahali pa kuandika siku zilizorukwa na haina adhabu. Chupa hupimwa uzito au kuhesabiwa kwa sababu hiyo hiyo.

Namna ya kuweka: nawa mikono, vuta kope ya chini, tone moja tu, funga jicho taratibu na kandamiza kona ya ndani karibu na pua kwa dakika mbili ili dawa isishuke kooni. Kama una aina mbili, acha dakika tano katikati. Chupa nyingi hutupwa siku 28 baada ya kufunguliwa. Kwa timolol kukandamiza ni muhimu zaidi, maana ikiingia mwilini hubana kifua na kupunguza mapigo ya moyo. Mwenye pumu asiitumie kabisa, na amwambie mtafiti kuhusu pumu hiyo hata kama hajaulizwa.

Dawa za kienyeji zitaje pia. Majani, maziwa ya mama na mkojo huleta vidonda vya konea. Na matone ya "kuondoa wekundu" yanayouzwa ovyo mara nyingi yana steroidi, ambazo hupandisha presha ya jicho na zitavuruga vipimo vyako bila wewe kujua sababu.

22. Nimehama, au sina nauli. Nijiondoe?

Hapana, piga simu. Tafiti nyingi hurudisha nauli na chakula kwa kiwango kilichoandikwa kwenye fomu. Baadhi hutuma mhudumu nyumbani au kukupima katika hospitali ya wilaya. Pesa hiyo ni fidia ya gharama, haipaswi kuwa kubwa kiasi cha kumnunua mtu. Na hupaswi kutozwa chochote kwa kipimo kilichoongezwa na utafiti. Ukiandikiwa risiti, mwonyeshe mratibu siku hiyo hiyo.

Kutorudi kunaumiza kuliko watu wanavyodhani. Moshi kila kundi lilianza na macho 191, lakini mwishoni yalihesabiwa 176 na 163. Kila jicho lisiloonekana huacha swali: limepona likaona halina haja ya kurudi, au limepofuka?

## Madhara, siri na hali za pekee

23. Nikidhurika, nani anagharamia?

Majaribio ya dawa yanapaswa kuwa na bima ya washiriki, na fomu itaje hivyo. Fomu inayosema "utapatiwa huduma stahiki" bila kutaja nani analipa haijajibu. Madhara makubwa, kama kulazwa au kupoteza uoni, huripotiwa kwa wasimamizi, kwa kawaida ndani ya saa 24. Mtafiti asipokusikiliza, piga ile namba ya pili (swali la 5).

24. Jina langu, picha za macho yangu na damu yangu zitaenda wapi?

Jina hubadilishwa kuwa namba, na orodha inayounganisha hivyo viwili hufungiwa peke yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Picha ya uso mzima kwa ajili ya kufundishia au kuchapisha inahitaji ridhaa ya pekee. Unaweza kukubali utafiti na kukataa picha. Sampuli haziendi nje ya nchi bila makubaliano maalumu yaliyoidhinishwa, na fomu iseme zitahifadhiwa miaka mingapi na kama zitatumika kwa maswali mengine.

25. Nikipata ujauzito katikati ya utafiti?

Toa taarifa mara unapohisi, usisubiri miadi. Kwa kawaida dawa ya utafiti husimamishwa, wewe na mtoto mnafuatiliwa mpaka baada ya kujifungua. Kwa anayenyonyesha, uliza kabla ya kuanza.

26. Nina jicho moja tu linaloona. Niingie?

Tafiti nyingi za upasuaji haziwachukui watu wa hali yako, na ni sawa. Ukialikwa, uliza kwa nini jicho pekee linaruhusiwa, na utake jibu kutoka kwa daktari bingwa ambaye hayumo kwenye utafiti. Vivyo hivyo ukiwa tayari kwenye utafiti mwingine, hata wa ugonjwa tofauti: sema, kwa sababu dawa mbili za majaribio zikikutana hakuna atakayejua ipi imekudhuru.

27. Utafiti ukisimamishwa au ukiisha, dawa yangu itaendelea?

Utafiti husimamishwa mapema kwa sababu tatu za kawaida: tiba moja imeonekana wazi kuwa bora, madhara yamezidi, au washiriki hawapatikani. Uambiwe ni ipi. Kuhusu dawa, uliza kabla ya kutia saini, maana baada ya hapo huna nguvu ya kudai: itatolewa kwa muda gani baada ya miadi ya mwisho, na ikiisha inapatikana kwenye bohari ya hospitali na kwa bima yako? Siku ya mwisho omba barua yenye kundi ulilokuwamo (kama limeshafunguliwa), tiba uliyopata, vipimo vya uoni na presha vya kwanza na vya mwisho, na aina na nguvu ya lenzi iliyowekwa. Daktari atakayekuona miaka kumi ijayo ataihitaji barua hiyo, na pengine jalada halitapatikana.